Mali ya Shirika Yataka Daftari

Iko methali ambayo kila mtu aijua: Mali bila daftari hupotea bila habari. Watoto huikariri shuleni, wazee huitaja barazani, na wenye maduka huibandika ukutani. Lakini nikitazama jinsi tunavyotunza vyombo vya kulimia tulivyonunua kwa shirika, naona methali hii imebaki mdomoni tu, haijafika mkononi.

Siku hizi katika vijiji vingi familia kadhaa huungana, wakachanga fedha kidogo kidogo, wakanunua trekta kuukuu pamoja na vyombo vyake: plau, haro, tela, pengine na mashine ya kupukuchua mahindi. Ni jambo jema sana. Mtu mwenye ekari tatu hawezi kununua plau peke yake, na hata angeweza, angelitumia siku moja au mbili kwa mwaka, siku zote zilizobaki likae kuota kutu. Watu thelathini wakiungana, plau hilo hilo lapata kazi ya msimu mzima. Papa Yohane XXIII, ambaye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya wakulima, katika barua yake Mater et Magistra ya tarehe 15 Mei 1961 aliwahimiza wakulima waungane katika vyama vya ushirika, kwani mkulima mmoja mmoja hana nguvu.

Walakini tumekwisha kuona pia mwisho wa vikundi vingi vya namna hii. Mwaka wa kwanza ni furaha na vigelegele. Mwaka wa pili ni manung'uniko. Mwaka wa tatu plau limelala chini ya mti, diski moja haipo, kuku wanataga ndani ya tela, na ndugu wawili hawasalimiani tena wakitoka kanisani. Ukiuliza ni nini kilichoharibu, utaambiwa: trekta lilikuwa bovu, dereva alikuwa mwizi, mwenyekiti alipendelea jamaa zake. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi chanzo ni kimoja tu: hakuna aliyeandika.

KWA NINI CHA WOTE HUFA MAPEMA

Tufikiri kidogo. Jembe la mkono lina mwenyewe. Mpini ukilegea, yeye ndiye ajuaye, kwani ndiye atakayeumia. Plau la shirika si hivyo. Leo liko kwa huyu, kesho kwa yule. Wa kwanza asikia mlio katika diski, asema moyoni, "Nimebakiza robo ekari tu, wa kesho atalitazama." Wa kesho naye asikia mlio, asema, "Nimelikuta hivi hivi." Wa tatu ndiye ambaye lavunjika shambani mwake, naye ndiye abebaye lawama ya wote. Hapo huenda hakuna hata mtu mmoja mbaya. Kila mmoja ameona kipande kidogo cha habari, wala hakuna aliyeiona habari nzima. Daftari ndilo liwezalo kuiona habari nzima, maana halilali, halisahau, wala halina jamaa.

Tusidhani kwamba jambo hili huwapata wanyonge peke yao. Habari za mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea husimuliwa hata leo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta na mitambo mingi ili kufyeka pori na kupanda karanga. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita, yamechoka kabla ya kufika. Vipuri vilikawia, madereva wengi ndiyo kwanza wanajifunza, na ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ilikuwa ngumu kama saruji. Haukupita muda mrefu, sehemu kubwa ya matrekta hayo ikawa imelala. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimekwisha kupotea. Sababu zilikuwa nyingi, uhaba wa mvua na haraka ya wakubwa zikiwamo, wala sisemi kwamba daftari lingaliziokoa karanga. Nasema hivi tu: chuma hakimwogopi tajiri. Kisipotunzwa kitakufa, awe mwenyewe ni serikali kubwa au ni jumuiya ndogo ya kijijini.

"NDUGU HAWAANDIKIANI"

Nilipotoa shauri la daftari mbele ya kikundi chetu huku Ufipa, mzee mmoja ambaye namheshimu sana alisimama akasema, "Mwanangu karani, ndugu hawaandikiani. Kuandikiana ni kazi ya watu wa dukani. Sisi tumebatizwa katika kisima kimoja." Watu wakapiga makofi.

Nikamjibu, "Baba, umesema kweli, tumebatizwa pamoja. Je, tarehe ya ubatizo wako waikumbuka?" Akacheka, akasema, "Hiyo iko katika kitabu cha misioni."

Basi hapo ndipo nilipotaka kufika. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya parokia. Ubatizo ni mlango wa sakramenti zote, hata hivyo Kanisa haliutegemezi juu ya kumbukumbu ya mtu. Laandika jina, tarehe, wazazi, na msimamizi, na aliyebatiza ajulikane. Si kwamba Kanisa halimwamini padre au mzazi. Ni kwa sababu padre atahamishwa, mzazi atakufa, msimamizi atasahau, na siku moja binti atataka kuolewa parokia ya mbali, naye atahitaji cheti. Kitabu hutunzwa kwa ajili yake yeye, aliyekuwa mtoto mchanga asiyeweza kusema.

Tena tukumbuke Matendo ya Mitume. Twapenda kusimulia jinsi Wakristo wa kwanza walivyokuwa na vitu vyote shirika. Lakini tusiishie hapo, tusome mpaka sura ya sita. Humo twaona kwamba manung'uniko yaliingia hata miongoni mwao, kwa kuwa wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku. Mitume hawakuwaambia wale wajane, "Nyamazeni, sisi ni ndugu." Walichagua watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi hiyo. Upendo wao haukupungua kwa kuwa na utaratibu. Utaratibu ndio uliowarudisha wajane mezani.

Nasi wajane tunao. Katika mwaka wetu wa kwanza usio na daftari, mama mmoja mjane alilipa mchango wake kamili, akaahidiwa plau baada ya jirani yake. Plau lilipotoka kwa jirani likapelekwa kigango kingine kwa mtu mwenye sauti kubwa zaidi. Mvua za Novemba zikaja, Desemba ikapita, na yule mama akalima kwa jembe la mkono pamoja na watoto wake, akapata nusu ya eneo alilotaka. Alipouliza, kila mtu alijibu, "Sisi hatukujua kwamba ilikuwa zamu yako." Je, nani angeweza kubisha? Haikuandikwa po pote. Habari hiyo ndiyo iliyowageuza watu mioyo kuliko maneno yangu yote. Yule mzee mwenyewe ndiye aliyesimama mara ya pili akasema, "Nunueni hilo daftari."

DAFTARI LETU LILIVYO

Tuko familia 28 katika vigango vitatu. Tuna daftari mbili. Ndogo husafiri pamoja na trekta, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na kalamu mbili zimefungwa kwa uzi. Kubwa hukaa kwa katibu wa kikundi, na kila Jumapili baada ya Misa habari za juma zima hunakiliwa humo kutoka katika ile ndogo. Ile ndogo ikilowa au ikipotea, twapoteza juma moja tu, si mwaka.

Kila kazi huandikwa mstari mmoja. Kwanza, tarehe na jina la mwenye shamba. Pili, chombo kilichotumika. Tatu, namba ya saa ya injini wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza. Wasioijua, saa hii ni ile mita ndogo iliyopo mbele ya dereva, ambayo huhesabu muda ambao injini imefanya kazi. Ikiwa imeharibika, itengenezwe kabla ya kitu kingine, kwani ndiyo macho ya daftari. Nne, ekari zilizolimwa, zikapimwa kwa kamba, si kwa kukisia. Tano, mafuta ya dizeli yaliyotiwa. Sita, hali ya chombo kilipopokelewa na hali yake kilipoachwa. Saba, sahihi mbili, ya dereva na ya mwenye shamba. Asiyejua kuandika hutia dole gumba, na mtoto wake wa shule humsomea kwanza maneno yaliyoandikwa.

Kwa nini sahihi mbili? Someni mfano wa wakili dhalimu katika Injili ya Luka, sura ya 16. Aliwaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja, hati zikabadilishwa, mia ikawa hamsini. Hati ilikuwapo, lakini mkono ulikuwa wa upande mmoja. Daftari lenye mkono mmoja laweza kusema uongo kuliko hata mdomo, kwa kuwa lasadikiwa.

Ile safu ya sita, ya hali ya chombo, ndiyo tuliyoona taabu kuijaza. Mwanzoni watu waliandika "nzuri" kila siku, hata plau lilipokuwa likilia kama nguruwe. Ndipo tukaacha kuuliza "Hali gani?" tukaandika maswali yenye jibu. Je, grisi imetiwa leo? Je, bolti zote zimekazwa? Je, diski zote zazunguka kwa mkono bila kukwama? Je, pini zote zipo? Mtu akiulizwa hivi hana budi kuinama na kutazama.

Nizitaje hizo pini kidogo, maana ni vitu vidogo vyenye hasara kubwa. Plau la trekta hushikwa kwa mikono mitatu, miwili ya chini na mmoja wa juu. Namna hiyo ya kufunga yatokana na kazi ya Harry Ferguson, mtu wa Ireland, na trekta lililouzwa kwa jina lake mwaka 1936 lilikuwa nayo. Ni namna nzuri sana kwa watu wa shirika, kwa kuwa chombo kimoja chaweza kufungwa katika matrekta ya namna mbalimbali, mradi ukubwa wa pini ulingane. Lakini pini ikidondoka shambani, mtu atatia msumari au kipande cha nondo. Msumari utakatika, mkono utapinda, na kuunyosha kwa fundi wa Sumbawanga kwagharimu mara nyingi kuliko bei ya pini. Tangu tulipoanza kuzihesabu jioni na kuandika hesabu yake, hatujapoteza ila moja.

KUTUNZA KUNAKOANDIKWA

Kutumia kuandikwe, na kutunza kuandikwe vile vile. Vyombo vina ratiba yao, wala haifuati hamu ya mtu. Grisi kwa plau na haro hutiwa kila siku ya kazi, asubuhi kabla ya kuanza. Bolti mpya hukazwa tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, maana hulegea. Oili ya injini hubadilishwa kwa kufuata kitabu cha trekta lenyewe. Matrekta mengi huagizwa kila saa 250, lakini kila mtu afuate kitabu cha trekta lake. Tarehe na namba ya saa huandikwa kwa wino mwekundu siku oili ilipobadilishwa, ili kila mtu ajue siku nyingine itafika lini.

Diski za plau letu zilikuwa na upana wa inchi 26 ziliponunuliwa. Mwanzo na mwisho wa kila msimu twazipima kwa futi ya fundi seremala na kuandika. Kwa hiyo twajua zinavyolika, nasi twaanza kuweka fedha ya diski mpya mapema, wakati mahindi yangali ghalani, si siku ya mvua ambapo kila mtu anazitafuta na bei imepanda.

Msimu ukiisha, plau na haro husuguliwa udongo wote, diski hupakwa oili iliyotumika, na vyombo huwekwa juu ya mbao, chini ya paa. Tela huinuliwa kwa magogo ili matairi yasibebe uzito miezi mitano bure. Haya nayo huandikwa, pamoja na jina la aliyeyafanya.

Liko jambo moja ambalo si la fedha bali la uhai. Shafti ya nyuma ya trekta, ile izungushayo mashine ya kupukuchua, huzunguka mara 540 kwa dakika moja, ndiyo mara tisa kwa sekunde. Khanga ikinaswa, mama hana nafasi hata ya kupiga kelele. Shafti hiyo ina kifuniko chake. Watu hukivua wakati wa matengenezo, kisha husahau kukirudisha. Katika daftari letu mstari wa mashine ya kupukuchua huanza na swali: "Kifuniko kipo?" Kama jibu ni hapana, mashine haiwashwi, hata kama mahindi ya padre mwenyewe yangoja.

DAFTARI LILIPOMTETEA MTU MDOGO

Sasa niwaeleze lililotokea mwezi Desemba 2021, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike makala hii. Katikati ya kulima, beringi ya diski ya nyuma ilikufa, diski ikayumba, na shina lake likaharibika. Siku hiyo hiyo ikaonekana kwamba dizeli imepungua kuliko watu walivyotazamia. Kazi ikasimama na mvua zinanyesha. Mchana habari ilikuwa "plau limevunjika". Jioni ikawa "dereva alilima usiku kwa siri akauza kazi yetu". Kufika asubuhi, watu wengine walikuwa wamekwisha kutaja hata shamba alilolima na fedha alizopokea.

Dereva wetu ni kijana yatima wa baba, amtunza mama yake na wadogo wawili. Wanaume watano walikwenda nyumbani kwao alfajiri, wakamtaka mama atoe mbuzi wake wawe rehani. Yule mama alilia tu. Kijana hakukimbia. Alichukua ule mfuko wa nailoni, akaja nao mkutanoni, akauweka mezani, akasema, "Wazee wangu, mimi sina maneno. Someni."

Tukasoma mbele ya watu wote. Kila jioni namba ya saa ya injini ilikuwa imeandikwa na kutiwa sahihi na mwenye shamba. Kila asubuhi namba iliyofuata ilikuwa ile ile, haikuzidi hata moja. Trekta halikufanya kazi usiku wo wote. Habari ya dizeli nayo ikafumbuka. Shamba la kawaida la huku plau letu la diski tatu hulima karibu ekari moja kwa saa. Lakini mashamba matatu ya mwisho yalikuwa ya mbugani, udongo mzito wenye kushika, na daftari lilionyesha saa tatu kwa ekari mbili. Dizeli ilikuwa imeingia katika tope lile, haikuingia mfukoni mwa mtu.

Kisha tukafika safu ya grisi. Jumatatu: "Imetiwa." Jumanne, kwa mwandiko wa dereva: "Grisi imekwisha. Nimemwambia mwenyekiti." Jumatano: "Hakuna grisi. Mpira wa kuzuia vumbi umepasuka." Alhamisi: "Hakuna grisi." Ijumaa: "Hakuna grisi. Diski ya nyuma inalia." Jumamosi ndiyo siku ilipovunjika.

Watu wakanyamaza. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, aliinamisha kichwa. Alikuwa ameambiwa, akaona kwamba ni siku chache tu, akangoja kwenda mjini kwa shughuli nyingine ili apunguze nauli. Kopo la grisi lilikawizwa kwa ajili ya nauli, na nauli hiyo ikatugharimu beringi, shina la diski, na siku tisa za mvua. Mwenyekiti akasimama, akamwomba kijana radhi mbele ya wote, akaenda na wale wanaume watano kumwomba radhi mama yake. Halmashauri ikachanga nusu ya gharama kutoka mifukoni mwao, nusu ikatoka katika sanduku la matengenezo.

Fikirini sasa kama lile daftari lisingalikuwapo. Kijana angefukuzwa. Mbuzi wangeuzwa. Mwenyekiti angeendelea kuamini kwamba amefanya vema, na mwaka uliofuata beringi nyingine ingekufa vile vile. Ndiyo maana nasema daftari si alama ya kutoaminiana. Mwenye nguvu hana haja nalo, kwani neno lake husadikiwa po pote. Ni ngao ya mtu mdogo, ambaye neno lake halisadikiwi.

NA LILIPOMKAMATA MTU MKUBWA

Lakini ngao hiyo haina budi kuwa sawa kwa wote. Mwaka uliofuata, 2022, mtu mmoja mwenye cheo katika kikundi alilichukua tela kubeba matofali yake siku mbili, bila kuandika. Alidhani daftari ni la wanachama wa kawaida. Mama mmoja anayetunza ua wa vyombo hakubishana naye. Alichukua kalamu, akaandika: "Tela limetoka Jumanne asubuhi, limerudi Alhamisi jioni, tairi la kushoto limepasuka ubavuni." Katika mkutano wa mwezi mstari ule ulisomwa kwa sauti kama mistari mingine yote. Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyecheka. Mhusika alisema, "Ni mimi," akalipa ada ya siku mbili na tairi. Naamini hata yeye alishukuru, kwani deni lenye namba huisha, lakini uvumi hauna mwisho.

Kusoma huko mbele ya wote ni jambo la lazima. Daftari lililofungwa sandukuni ni sawa na taa iliyofunikwa. Sisi twasoma Jumapili ya kwanza ya mwezi: saa zilizofanywa, ekari, dizeli, vilivyoharibika, fedha zilizomo katika sanduku la matengenezo, na zamu zijazo. Tumekubaliana kwamba kila ekari inayolimwa hutoa shilingi 5,000 za matengenezo, nazo haziguswi kwa jambo lingine, hata msiba. Msiba una mchango wake.

WENZETU WA UFARANSA

Msidhani kwamba utaratibu huu ni ndoto ya karani. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1945, sheria ya Ufaransa iliwafungulia wakulima njia ya kuunda vyama vya ushirika vya kutumia vyombo vya kilimo pamoja, viitwavyo kwa kifupi CUMA. Vijana wengi waliolelewa katika JAC, chama cha vijana Wakatoliki wa mashambani kilichoanzishwa huko mwaka 1929, walikuwa mstari wa mbele katika kuvieneza. Vyama hivyo vipo hata leo kwa maelfu. Siri yao ni rahisi: kila mwanachama huahidi mapema ni kazi kiasi gani ataipa mashine, na mchango wake katika mtaji hufuata ahadi hiyo. Kisha kazi huhesabiwa na kulipwa kwa kadiri ilivyoandikwa. Hao ni wakulima wenye fedha kutushinda sisi, nao bado huandika. Je, sisi tusioweza kununua plau la pili tuache kuandika?

Vijana wengine husema, "Karani, siku hizi kuna simu, daftari la nini?" Simu ni nzuri. Sisi twapiga picha kila ukurasa ukijaa na kumpelekea katibu, na picha ya chombo kilichovunjika hupunguza maneno mengi. Lakini simu ni ya mtu mmoja, ina siri yake, na betri hufa shambani. Daftari liko mezani, bibi aweza kuliomba, mjukuu akamsomea. Tumia vyote viwili, ila daftari liwe mama.

Basi, wasomaji wapenzi, mlio na chombo cha shirika, liwe plau la trekta, plau la ng'ombe, bomba la dawa au mashine ya kusaga, msingoje mpaka kivunjike. Kabla ya mvua kuanza, fanyeni mkutano mmoja. Nunueni daftari mbili zenye jalada gumu. Chorani safu zake kwa rula. Mchagueni mtu mwaminifu wa kuitunza, wala asiwe yule yule anayeshika fedha. Wekeni siku ya kusoma mbele ya wote. Halafu viongozi wawe wa kwanza kutia sahihi, ili hata mdogo asione haya kutia yake.

Tarehe 15 Mei Kanisa humkumbuka Mtakatifu Isidori Mkulima, aliyelima mashamba ya mtu mwingine karibu na Madrid, akaheshimiwa na Kanisa kwa uaminifu katika kazi ya kawaida ya mikono. Mwombeni siku hiyo awaombee vijiji vyenu. Kisha mkitoka kanisani, pitieni kwenye ua wa vyombo, mhesabu pini, mwandike.